Nguchiro na Kibali cha Banda la Bustani

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama nao walikuwa na mji, na mji una bustani, na bustani ina ofisi, na ofisi ina foleni, Nguchiro alifika dirishani akasukuma karatasi yake kwa madaha yote.

Karani wa bustani, Bwana Kiboko, akaifungua. Akakohoa. Akaisoma kwa sauti, foleni nzima isikie:

"Nyanya mafungu mawili. Dagaa kibaba kimoja. Dawa ya viroboto, ile kali, maana ya juzi haikufanya kitu. Usisahau tena, mume wangu."

Kwa! kwa! kwa! Foleni ikaangua kicheko. Nungunungu alicheka mpaka miiba yake ikamdunga jirani.

Maskini Nguchiro! Kibali alikuwa amemwachia muuza nyanya sokoni, na orodha ya mkewe ndiyo iliyokuja ofisini. Msicheke sana, wanangu. Nimezunguka miji mingi, na sijaona mji ambao sijampa karani karatasi isiyo yake.

Nguchiro akatoka mbio, vupu! Akamkuta muuza nyanya yuko karibu kufungia pilipili kwa kibali kile. Akakipokonya, akarudi akihema.

"Bwana Karani, hiki hapa. Kinaisha leo jioni. Naomba kihuishwe."

Kiboko akapiga mwayo, aaah! Nzi watatu wakaingia, wawili wakatoka. "Njoo kesho."

"Kesho kitakuwa kimekufa!"

"Basi njoo keshokutwa, tuzike."

Kibali chenyewe kilikuwa cha banda la katikati ya bustani, lenye paa la bati na sakafu ya saruji. Humo, kila Jumamosi, Nguchiro aliwafundisha watoto wa wanyama wadogo jinsi ya kumkwepa Swila, yule nyoka wa sumu. Hapo mwanzo darasa lilikuwa nje, kwenye nyasi ndefu, na siku moja mtoto wa kwanza wa Bi Kware hakurudi nyumbani. Ndiyo maana Nguchiro akalitafuta banda. Kwenye saruji Swila hana pa kujificha. Na Jumamosi hii ilikuwa mahafali.

Lakini Kiboko naye alikuwa na lake. Saruji ile ilikuwa baridi, na mchana wa jua kali hakuna kitanda kizuri kama hicho kwa tumbo la karani. Kibali kikifa, banda linarudi ofisini. Na ofisi, saa za mchana, ni yeye.

"Basi niruhusu nimwone Mkubwa," Nguchiro akasihi.

"Mzee Tembo haonwi kwa vibali. Mzee Tembo huletewa faili, na faili nalipeleka mimi. Nikipata nafasi." Akafunga dirisha, pa!

Nje, Bi Kware alikuwa akingoja na vifaranga wake watano.

"Vipi, Mwalimu?"

"Bado, Bi Kware."

Bi Kware aliwahesabu watoto wake. Kisha akawahesabu tena.

Nguchiro akajikuna kiroboto, na palepale akili ikamjia. Katika mji ule hapakuwa na shughuli isiyo na mgeni rasmi. Kisima kikizibuliwa, mgeni rasmi! Choo kikipakwa chokaa, mgeni rasmi, hotuba na makofi! Na barua ya kumwalika mgeni rasmi haipiti kwenye faili. Humfikia mwenyewe mkononi, tena upesi.

"Bi Kware, nipe kipande cha utepe wa mahafali."

Akaandika barua, akaifunga kwa utepe mwekundu, akarudi dirishani. Ko! ko! ko!

"Wewe tena?" Kiboko akafoka. "Si nimekwambia kibali—"

"Kibali nani kakitaja? Nimeleta barua ya mgeni rasmi."

Kiboko akauona utepe. Karani aliyemtangulia aliwahi kuizuia barua ya namna hiyo, na mpaka leo anafagia vizimba vya bata. Akajisogeza, mlango ukafunguliwa.

Mzee Tembo alikuwa amezama kitini. Alipouona ule utepe mwekundu, masikio yakasimama.

"Mgeni rasmi? Mimi?"

"Shikamoo, Mzee. Nani mwingine?"

"Marahaba, marahaba! Kiti kitakuwa kikubwa?"

"Mabenchi matatu tutayafunga pamoja, Mzee."

"Na hotuba?"

"Ndefu kadiri upendavyo."

"Kalamu iko wapi?"

"Nikusomee kwanza, Mzee? Unakubali kuja, halafu pale chini—"

"Nisomee penye jina langu tu. Mistari ya chini ni ya walio chini!"

Akasaini, chwaa! Akagonga muhuri, kotoo! Meza ikaruka.

Nguchiro akaipeleka barua kwa Kiboko. Kiboko akaisoma mpaka chini kabisa: *Nitakuja Jumamosi bandani, na naagiza kibali cha banda kihuishwe mwaka mzima.*

"Hii ni hila!" akanguruma.

"Basi mwambie Mkubwa kakosea. Mlango ule pale."

Kiboko akautazama mlango. Akavitazama vizimba vya bata kupitia dirishani. Akavuta karatasi mpya, akaandika. Jua lilikuwa bado halijazama.

Nguchiro alitoka, akakaa chini kwenye ngazi kama gunia lililomwagwa. Akakisoma kibali kipya mara mbili, akicheka peke yake.

Jumamosi mvua ikanyesha, bati likaimba tii-tii-tii. Ndani wote wakavu, Tembo juu ya mabenchi yake, Kiboko kasimama mlangoni. Ukafika mtihani. Nguchiro akavuta kamba iliyopakwa rangi, ikateleza sakafuni, sssss!

Vup! vup! vup! Watoto wote wakaruka, huyu kulia, yule kushoto. Hakuna aliyeguswa.

"Uuuwi! Nyoka!" Tembo akapanda juu ya kiti chake kwa miguu yote minne. Kacha! Puu! Mabenchi yakawa kuni.

Watoto thelathini walifaulu. Aliyefeli alikuwa mmoja tu, mgeni rasmi.

Tembo akanyanyuka, vumbi tupu. "Nani aliyetoa ruhusa mambo haya yafanyike humu mwaka mzima? Nani?"

Kiboko akayatazama makucha yake. Nguchiro akaikunja kamba polepole.

Bi Kware alikuwa akiwahesabu watoto wake. Watano. Safari hii aliwahesabu mara moja tu, kisha akainua kichwa.

"Ni wewe, Mzee. Asiyesoma anachosaini asiulize kilichoandikwa. Sasa kaa chini, tugawe vyeti."