Gunzi la Kombo

Paukwa!

Pakawa!

Wenye masikio sogeeni, wenye usingizi jifinyeni.

Hapo zamani za kale, penye majabali makubwa, aliishi Mama Pimbi na mwanawe, Sikitu. Nyuma ya jabali aliishi Mama Tumbili na mwanawe, Kombo. Watoto hawa walisoma pamoja kwa Mwalimu Kanga. Wakicheza, wanacheza pamoja. Wakilia, wanalia pamoja.

Mtama wote wa nchi ulikuwa ghalani kwa Panya Buku. Ukimpelekea kibuyu cha maji, anakupimia kibaba cha mtama. Unapika, mnakula, mnalala.

Mwaka mmoja mvua ikakataa. Panya Buku akasema, "Kibaba ni vibuyu viwili." Wanyama wakanung'unika, wakabeba. Haukupita muda, akasema, "Vitatu!"

Mama Pimbi akabeba maji, chubwi, chubwi, chubwi, toka alfajiri hadi jua kuzama. Hayakutosha. Akamwambia mwanawe, "Sikitu mwanangu, kwa Mwalimu Kanga usiende tena. Twende mtoni."

"Na Kombo je, mama? Mbona yeye anasoma?"

"Ya Kombo mwachie mama yake."

Sikitu akabeba. Shingo ikamuuma, mgongo ukamuuma. Lakini kilichomuuma zaidi ni macho. Kila akipita na kibuyu, anamwona Kombo amekaa kwa mwalimu, taya zinakwenda. Kacha, kacha, kacha! Ameshika hindi lililofungwa kwa majani, anatafuna.

Nyumbani uji ulikuwa maji matupu. Sikitu akiunywa, anamwona Kombo. Akifumba macho, anamwona Kombo. Moyo ukamwambia, "Yeye ana nini ambacho wewe huna? Mkia tu!"

Siku moja akamsogelea. "Kombo, unakula nini?"

Kombo akageuka upesi. "Hindi."

"Nimegee."

"Sikupi."

"Punje moja tu!"

"Nimesema sikupi! Nenda kateke maji yako!"

Lo! Wivu ukampanda Sikitu kichwani. Akatua kibuyu, akamrukia mwenzake, puu! Akalipokonya lile hindi, huyoo, mbio! Kombo nyuma anapiga kelele, "Usilifungue! Nakuomba, Sikitu, usilifungue!"

Sikitu akajibanza nyuma ya jiwe. Akafungua jani, akafungua jani. Hamna hindi! Ni gunzi, gunzi tupu, limetafunwa mpaka limekuwa kama kamba kuukuu.

Kombo akafika, anahema. "Haya, umeona. Kawaambie wote wanicheke."

"Ndilo unalotafuna kila siku?"

"Mama aliniambia nitafune, watu wasijue kwetu hakuna kitu." Akafuta machozi. "Na mimi nakuonea wivu wewe. Wewe unashinda na mama yako. Wangu simwoni. Yuko ghalani kwa Panya Buku, anafagia makapi ili nipate uji."

Sikitu akaona haya. Akamrudishia gunzi lake. "Nisamehe, ndugu yangu. Twende kwetu."

Mama Pimbi aliposikia habari ile, akashika kiuno. "Kumbe! Nami nimemnunia Mama Kombo siku zote, nikidhani ameshiba anaringa!"

Akaenda kwa Mama Kombo. Wawili wakaenda kwa Ngiri, wakaenda kwa Kobe, nyumba kwa nyumba. Kila mlango njaa. Kila mlango umefungwa kwa aibu. Usiku ule wote wakapatana shauri moja.

Kesho yake hakuna aliyempelekea Panya Buku maji. Akaita, kimya. Akaita tena, kimya. Mwenyewe alikuwa amenenepa, mtoni hawezi kushuka. Jua likawaka, akatoka ghalani ulimi nje. "Jamani, maji!"

Mama Pimbi akasema, "Kibaba kwa kibuyu kimoja. Na mtoto asibebe."

"Mtama ni mchache!"

"Tunajua. Tutapunguza kula sote, na wewe upunguze. Watoto wale kwanza."

Panya Buku akatazama huku, akatazama kule. Hakuona wa kumsaidia. Akakubali.

Sikitu akarudi kwa Mwalimu Kanga. Akakuta wenzake wameshatangulia mbali. Alihangaika sana kuwafikia, na Kombo akawa anamfundisha jioni.

Basi, wanangu, nanyi mliowazaa: wivu humfanya mwenye njaa amtazame mwenye njaa mwenzake, asimwone aliyepandisha bei. Usimwonee gere jirani kabla hujaona chungu chake. Na maisha yakipanda, wakubwa wasemezane, mzigo usiangukie kichwa cha mtoto.

Hadithi yangu imeishia hapo. Naweni mikono, tule, aanze mdogo.