Kiti cha Kushoto

Hapo zamani, lakini si zamani hivyo, maana magari yalikuwapo na mihuri ilikuwapo mingi kuliko magari, mji mmoja wa Usambara ulikuwa na mashindano ya kupanda mlima Kwemshai. Gari moja moja, saa mkononi. Atakayefika juu upesi ndiye bingwa. Bingwa hakupewa fedha. Alishuka mlima taratibu, mji mzima ukishangilia, na kushoto kwake akakaa mtu mmoja tu: aliyemwezesha kushinda. Jina la mtu huyo lilichorwa mlangoni mwa gari, likakaa mwaka mzima.

Rukia Singano alikuwa na gari la michezo, jekundu, la viti viwili. Alikuwa ameshindwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa nne akaapa: nikishindwa tena, gari nauza, narudi kuendesha lori la kabichi la baba.

Akaenda kwa Fundi Shekiondo.

"Fundi, nataka nguvu."

"Kiasi gani?"

"Zote."

Shekiondo aliwapenda wateja wa namna hiyo. Akamfungia tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili iishindilie injini hewa. Akachagua kubwa kuliko zote, kama sufuria ya pilau ya harusi. Boneti ikagoma kufunga. Akawakalisha wanaume wawili juu yake, ikafunga.

Siku ya majaribio Rukia akaikata kona ya kwanza, akakanyaga mafuta. Kimya, tabo ilikuwa bado inajikusanya. Kona ya pili, akakanyaga. Kimya. Kona ya tatu tabo ikaamka, nguvu zote kwa mpigo, gari likaingia shambani kwa watu na kutoka na kabichi nne.

Mwalimu Nakijwa, aliyemfundisha fizikia sekondari, akamkuta anachomoa majani kwenye grili.

"Mwanangu, ulimwambia fundi gari litafanya kazi gani?"

"Kushinda, Mwalimu."

"Hilo ni ombi, si kipimo."

Mwalimu akaupanda mlima kwa miguu, daftari mkononi. Akarudi na hesabu: kona thelathini na moja, mnyoofu mmoja tu wa barabara. "Tabo kubwa inataka barabara ndefu ipate kuamka. Wewe funga ndogo, inayoitika ukiigusa. Kwenye mnyoofu itaishiwa pumzi, ivumilie."

"Watanicheka, Mwalimu." Akakataa.

Zikiwa zimebaki siku tatu, akaja mkaguzi wa magari ya mashindano, Bwana Mntangi, na rula yake na fomu ya nakala tatu. Rukia akamsihi. Shekiondo akamsihi. Mwenyekiti wa kamati ya mashindano akatuma salamu, zile salamu ambazo si salamu.

"Kipengele cha kumi na nne," akasema Bwana Mntangi. "Boneti ifungike bila kukaliwa."

"Mzee wangu, imezidi vidole viwili tu!" akalia Shekiondo.

"Fomu haina sehemu ya vidole."

Akagonga muhuri: IMEKATALIWA. Kwenye nakala ya tatu wino ulififia, akagonga tena.

Ndipo Rukia akaomba tabo ndogo aliyoishauri Mwalimu. Shekiondo akaicheka: "Hii si ya kuchemshia uji wa mtoto?" Lakini kipande cha kuiunganisha na injini hakikuuzwa popote, naye akakichonga kwa tupa, siku mbili, mpaka vidole vikatoka damu. Akaipima presha mara kumi ili injini isigonge kwa hewa kuzidi. Akafunga boneti kwa kidole kimoja, na Bwana Mntangi akagonga muhuri mwingine: IMEKUBALIWA.

Rukia akashinda. Kona zote thelathini na moja gari liliitika. Kwenye mnyoofu likaishiwa pumzi kama ilivyosemwa. Akashinda kwa sekunde moja.

Kule juu akafungua mlango wa kushoto. Wakaja watatu.

"Mimi ndiye niliyejua," akasema Mwalimu Nakijwa. "Wengine mlikuwa mnanunua kelele."

"Kujua hakufungi nati, Mwalimu," akasema Shekiondo. "Kazi nisiyoiamini nimeifanya kama naiamini. Ningelegeza kidogo tu, sekunde yenu mngeiona wapi?"

Bwana Mntangi akakohoa. "Mwalimu alishauri, akakataliwa. Fundi ndiye aliyefunga ile sufuria. Ningeogopa salamu za mwenyekiti, dada huyu saa hizi angekuwa na kabichi nyingine."

"Ulikuwa unapima boneti tu, wewe!" akamaka Shekiondo.

"Nilipima. Wenzangu hugonga muhuri bila kupima."

Rukia akawatazama. Wa kwanza yeye mwenyewe alimkatalia ushauri, wa pili alimponza kabla ya kumwokoa, wa tatu yeye alikuwa amemtukana moyoni siku mbili nzima. Chini ngoma zimeanza. Mwenyekiti akamnyooshea fomu: Jina la mwezeshaji, moja tu, kwa herufi kubwa.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza: injini inanguruma, mlango uko wazi, na kiti ni kimoja. Je, nani alistahili kukikalia?