Simba Aliyechomwa kwa Maneno

Jamani, nina kisa.

Kilete.

Kina miiba.

Tutakipokea kwa majani.

Basi nakitua. Kishikeni vizuri, na anayesinzia asimwegemee mwenzake.

Hapo zamani za kale, kale hasa, wanyama walipokuwa na waganga wao na mikutano yao, ugonjwa uliingia ng'ambo ya mto. Ukaitwa kikohozi cha kubweka. Kikikupata, hukohoi kama mnyama wa kawaida. Unabweka. Pundamilia alibweka, bwe, bwe. Ngiri alibweka, bwe, bwe. Hata kobe, ambaye hajawahi kumpigia mtu kelele, alitoa kichwa nje akabweka, bwe, bwe, kisha akakirudisha ndani kwa aibu.

Wakubwa walibweka wakapona. Wadogo walibweka wakazidiwa. Ng'ambo ile, digidigi wengi walibaki bila watoto.

Upande wa huku aliishi Nungunungu, mganga wa kinga. Alikuwa na mtoto mmoja aitwaye Kijaluba, mdogo kabisa, miiba yake bado laini kama nywele. Nungunungu alijua kupika dawa ya kukinga kikohozi kile. Alichovya mwiba wake kwenye dawa, akamchoma mnyama pajani, na mnyama huyo kikohozi hakikumpata tena.

Lakini dawa ilikuwa kali kwa mtoto wa umri wa Kijaluba. Mpaka aanze kutafuna mizizi mwenyewe, hachomwi. Kwa hiyo Nungunungu alikuwa na wazo moja tu, akienda nalo na kurudi nalo. "Mwanangu atakuwa salama ikiwa kila anayemzunguka amechomwa. Kikohozi kikikosa njia kwa wenzake, kitakosa njia ya kumfikia."

Simba akaita mkutano wa waganga. Wanyama wote wakaja kusikiliza, wakakaa kwenye nyasi, watoto mapajani.

Akasimama Nyegere, mganga wa tiba. Akasema, "Mimi sina maneno mengi. Nina asali. Asali yangu inalainisha koo na kushusha joto la mwili. Ugueni tu, mje mlambe."

Wanyama wakampigia makofi. Tembo akauliza, "Na ambaye hajaugua anaweza kulamba?"

"Ukijihisi unakaribia kuugua, njoo."

"Mimi najihisi tangu jana," alisema Tembo.

Akafuata Popo, mganga wa vipimo. Hakusimama, alikuwa amening'inia kwenye tawi, kichwa chini. Akasema, "Ndugu zangu, mambo yamebadilika. Nimeleta kipimo kipya. Napiga kelele ndogo, kelele inaingia kifuani mwako, inagonga vitu vya ndani, inarudi masikioni mwangu. Hapo najua ugonjwa umekaa wapi. Hupasuliwi, hutoki damu."

Ngiri akajitolea kupimwa. Popo akapiga kelele yake, tii, akatega sikio.

"Moyo wako uko chini ya tumbo," alisema Popo. "Na mapafu yako yamekaribia mkia."

Ngiri akaanza kulia. "Mimi nimekosa nini?"

"Usilie. Nimewapima wengi, na wote mko hivyo hivyo."

Nyegere akasema, "Popo, si wewe ndiye umekaa kichwa chini?"

"Tafadhali tusiingize siasa kwenye utaalamu," alisema Popo.

Mwisho akasimama Nungunungu. Akasema, "Mimi nachoma. Mwiba nauchemsha, nauchovya kwenye dawa, namchoma mmoja mara moja. Mwiba huo nauzika. Simchomi nao mwingine."

Swala akauliza, "Unauma?"

"Kidogo."

Waliokuwa wamekaa mbele walijikuta wamekaa nyuma.

Simba naye alitaka kurudi nyuma, lakini mke wake alikuwa anamtazama. Akakohoa kidogo, kikohozi cha kawaida, akasema, "Waganga wote watatu wamesema vizuri. Nyegere atibu, Popo apime. Na kabla ya hayo, wote tutachomwa."

Sasa sikilizeni. Katika nchi ile kulikuwa na desturi ya kutangulia. Jambo lolote jipya, Simba hutangulia. Mvua ya kwanza ikinyesha, Simba hulowa kwanza. Kwenye msiba, Simba hulia kwanza, na wafiwa husubiri. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kuchomwa kabla ya Simba kuchomwa.

Siku ya kwanza Nungunungu akaenda na mwiba wake. Simba akasema, "Leo nimekula nikashiba sana. Dawa na shibe havipatani."

Siku ya pili akaenda tena. Simba akasema, "Leo manyoya yangu yamelowa. Nitapata baridi."

Siku ya tatu akaenda tena. Simba akasema, "Leo nimeota ndoto."

"Ndoto gani, Mzee?"

"Mbaya."

Nungunungu akarudi kwake. Njiani akasikia sauti kutoka mtoni. Bwe, bwe. Ilikuwa bado ng'ambo, lakini ng'ambo ya karibu. Akakimbia mpaka kwenye shimo lake, akamkuta Kijaluba anacheza na watoto wa nyani wa mlimani, ambao kila siku hushuka kunywa maji kando ya shimo hilo. Akamshika, akamsikiliza kifua. Kilikuwa salama. Akamrudia Simba palepale.

"Mzee, kikohozi kimefika mtoni. Hakuna cha ndoto tena."

Simba akatazama huku, akatazama huku. Mke wake alikuwa amelala kwenye jua na watoto. Simba akashusha sauti. "Mama Kijaluba, ingia ndani."

Wakaingia pangoni.

"Mimi siogopi," alisema Simba.

"Sijasema unaogopa."

"Ila ule mwiba ni mrefu."

"Unaingia ncha tu, Mzee."

"Sasa tufanye hivi. Tutoke nje, wewe useme nimechomwa, mimi nitachechemea. Desturi itakuwa imetimia. Wote watachomwa, mtoto wako atakuwa salama, na mimi paja langu litakuwa salama. Nani amepoteza hapo?"

"Na kikohozi kikija kwako?"

"Kije kwa Simba? Hicho kina akili zake."

Nungunungu alijua kwamba ni uongo. Lakini aliwaza mapafu madogo ya Kijaluba, akawaza bwe, bwe ya mtoni.  Kisha akasema, "Haya, Mzee. Twende."

Wakatoka. Nungunungu akainamisha kichwa akasema, "Amechomwa." Simba akatembea mbele ya wanyama akichechemea mguu wa kulia. Alipofika mwisho akageuka, akarudi akichechemea wa kushoto.

Kobe akamwambia mkewe, "Dawa ile inahama miguu."

"Haina neno," Simba alitangaza. "Mimi sikusikia chochote. Anayelia ni mtoto."

Basi wanyama wakapanga foleni. Akachomwa mke wa Simba, hakutikisika. Wakachomwa watoto wake. Wakachomwa pundamilia, ngiri, swala na digidigi. Tembo akauliza kama anaweza kuchomewa mkiani, mbali na roho yake. Popo akachomwa kichwa chini. Nyegere akachomwa akinung'unika kwamba asali ingetosha. Kila aliyechomwa alimwondolea Nungunungu mwiba mmoja, na mwiba ukazikwa.

Ilipofika zamu ya nyani wa mlimani, miiba ilikuwa imekwisha. Mgongo wa Nungunungu ulikuwa mtupu kama kiazi kilichomenywa. Akawaambia nyani, "Ngojeni miiba mipya iote. Zamu yenu ipo." Nyani wakaenda zao wakimcheka mgongo.

Kikohozi kikavuka mto. Kikapita kwa pundamilia, hakikupata mlango. Kikapita kwa ngiri, hakikupata mlango. Kikapita kwa digidigi, kwa wale wadogo kabisa kiliowazoea, hakikupata mlango. Kikafika kwa Simba, kikakuta mlango wazi.

Asubuhi Simba alitoka pangoni kunguruma kama kawaida yake. Akapanua kifua, akafungua kinywa.

"Bwe," alisema Simba.

Akajaribu tena. "Bwe, bwe."

Kule vichakani bweha wakamwitikia, wakidhani ni shemeji yao amekuja kuwatembelea.

Habari zikasambaa. Simba aliyechomwa anabweka. Nyani wa mlimani wakashuka, mkubwa wao akiwa mbele, akasema, "Mama Kijaluba, tumekuja kukuaga. Mwiba wako tumeshauona kazi yake. Sisi hatuchomwi."

"Na maji mtakunywa wapi?"

"Pale pale, mlangoni kwako. Maji hayachomi."

Nungunungu akawahesabu. Nyani wengi vile, bila kinga, kila siku kando ya shimo lake. Kikohozi kilikuwa hakijapanda mlimani, lakini kingepanda, na kikishuka kingeanzia kwa Kijaluba.

Mkutano ukaitwa tena. Simba akakaa mbele, macho mekundu, amefungwa majani shingoni.

Nyegere akasema, "Nilisema mimi. Asali."

Popo akampima, tii, akasema, "Ugonjwa umekaa kwenye mapafu, kama nilivyotarajia, jirani na mkia. Na dawa ya mwiba ilipanda badala ya kushuka. Au ilishuka badala ya kupanda. Nahitaji kipimo kikubwa zaidi."

Mama Ngiri akasimama akamgeukia Nungunungu. "Wewe umenichomea watoto bure. Wamelia siku nzima kwa ajili gani?"

Nungunungu akatoka katikati. Jamani, mtazameni. Mgongoni hana hata mwiba mmoja, ni vichipukizi tu vinaanza kuchomoza. Mbele yake yuko Simba, na kati yao hakuna kitu isipokuwa nyasi. Wakati mwingine wowote nungunungu humjibu simba kwa kumgeuzia mgongo. Siku ile mgongo haukuwa na la kujibu.

Akasema, "Simba hakuchomwa."



"Tulikubaliana pangoni. Yeye aliogopa mwiba, mimi niliogopa kikohozi, tukawadanganya ninyi wote. Kosa ni letu wawili."

Simba akasimama. Mkia ukapiga chini. Akamwinamia Nungunungu mpaka pumzi yake ikamfika usoni, akafungua kinywa ili angurume ngurumo ya kummaliza.

"Bwe," alisema Simba.

Nyani mmoja akacheka, akafunika mdomo kwa mkia wa mwenzake.

Nungunungu hakuondoka. Akasema, "Msiniamini mimi, nimeshawahi kuwadanganya. Watazameni watoto wake. Wanalala juu ya tumbo lake. Wanavuta pumzi anayoitoa. Yupi kati yao anabweka?"

Wanyama wakageuka kuwatazama watoto wa Simba. Mmoja alikuwa anamng'ata mwenzake sikio. Mwingine alikuwa anachimba. Hakuna aliyebweka.

Mama Ngiri akawatazama wanawe. Hawakubweka. Digidigi akamtazama wake, akamtazama tena, akamkumbatia.

Mke wa Simba akasema bila kuinuka, "Mimi nililala naye pango moja tangu aanze kuugua. Nimechomwa, na sikohoi. Na siku ile alipochechemea, nilimlamba miguu yote miwili nikitafuta jeraha. Halikuwepo. Nikasema, ngoja nione atafika wapi na uongo huo."

"Mke wangu," alisema Simba kwa sauti ndogo.

"Sema mwenyewe, baba. Wanasubiri."

Simba akakaa chini. Akatazama makucha yake. "Ni kweli," alisema. "Sikuchomwa. Ule mwiba ni mrefu. Bwe."

Hapo wanyama wakaamua. Desturi ya kutangulia ikafutwa kwa mambo ya dawa. Tangu siku ile, akija mganga na kinga, anaanza na aliye karibu. Nungunungu naye wakamwadhibu, maana uongo ni uongo hata ukiwa na huruma. Wakamkataza kuchoma mtu yeyote faraghani. Anayechomwa achomwe mbele ya macho ya watu.

Nyegere akachukua asali akamtibu Simba, na kusema haki, asali ilimsaidia sana. Popo akampima kila asubuhi, akatangaza siku aliyopona. Kwa kupona hakukosea, alikosea mahali tu.

Miiba mipya ya Nungunungu ilipokomaa, nyani wa mlimani wakashuka wote wakapanga foleni, wakisukumana kila mmoja amwachie mwenzake nafasi ya mbele. Wakachomwa mmoja mmoja mpaka jua likasogea, na kikohozi kikakosa njia ya kumfikia Kijaluba. Nyuma yao kabisa, nyuma hata ya kobe aliyekuja kutazama tu, alisimama Simba.

Alipofika mbele Nungunungu akamwambia, "Mzee, wewe umeshaugua ukapona. Mwili wako umejifunza. Huhitaji tena."

Simba akashusha pumzi ndefu. Akageuka aende zake. Akawaona watoto wake wamekaa kwenye nyasi, wanamtazama.

Akarudi. "Nichome tu," alisema.

"Una hakika?"

"Fanya haraka kabla sijafikiri."

Nungunungu akachagua mwiba mwembamba, akauchemsha, akauchovya, akamchoma. Simba alikuwa amefumba macho na kushika mkono wa mke wake.

"Haya, anza," alisema Simba.

"Nimeshamaliza, Mzee."

Simba akafumbua jicho moja. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

Basi, ndugu zangu, kisa hiki kinatufundisha kwamba kinga ya kusingizia haimkingi mtu. Unaweza kuwadanganya watu wote kwamba umechomwa, lakini ugonjwa hausikilizi maneno, unakuja kuangalia mwenyewe. Na kinga unayoipata si yako peke yako. Kuna mdogo mahali fulani ambaye bado hawezi kuipata, naye anakutegemea wewe.

Kisa nimekitua, mikono yangu mitupu. Kilichowafaa nendeni nacho nyumbani, kisichowafaa nirudishieni nikakipike upya.

Tumekipokea.

Haya, mlale salama.