Miguu Iliyokunjwa na Matope

Mume mmoja na mke wake waliishi katika nyumba yenye magurudumu. Msicheke, ilikuwa nyumba kweli. Mume, Anyelwisye, alikuwa dereva wa basi la abiria. Basi lilipochoka akalinunua, akang'oa viti, akaweka kitanda nyuma na jiko la kuokea katikati. Mkewe, Tumpe, alikuwa mwokaji wa keki. Walihama kutoka gulio moja hadi jingine kwenye barabara ya Makambako kwenda Mbeya, mume akiendesha, mke akioka, na watu waliwajua kwa harufu kabla ya kuwaona.

Keki ina adabu yake. Haiumuki vizuri ndani ya nyumba iliyoinama. Upande mmoja unanenepa, mwingine unakonda na kuungua. Kwa hiyo chini ya gari ilifungwa miguu minne ya chuma, inayosukumwa na mafuta kama jeki ya fundi. Wakifika mahali, Anyelwisye alibonyeza kitufe, miguu ikashuka, ikakanyaga ardhi na kuinyanyua nyumba hadi ikae sawa. Tumpe aliweka bakuli la maji mezani. Maji yakilingana pande zote, ndipo aliwasha jiko.

Miguu hiyo ilikuwa na sharti moja. Wakati wa kuondoka, kabla ya kuikunja, lazima ipanguswe. Vumbi lililo juu ya mguu uliosimama nje halina madhara makubwa. Lakini ukiukunja mguu mchafu unaliingiza vumbi ndani ya bomba lake, na pale mguu unapoingilia pana mpira laini unaozuia mafuta yasitoke. Vumbi huukwangua mpira huo taratibu, nawe huoni. Wala usijidanganye kwamba utapaka grisi nyingi kufunika uchafu. Grisi huita mchanga mwingine. Dawa yake ni kitambaa tu.

Basi walijiwekea utaratibu. Kila mmoja alikuwa na kitambaa chake. Mume alipangusa miguu ya mbele, mke ya nyuma, wakipiga soga huku wamechuchumaa. Miguu haikukunjwa mpaka wote wawili wamesema tayari. Haikuwa kazi ndefu kuliko kuchemsha chai, na nawaambia, walikuwa na raha.

Siku moja, gulioni Igawa, mteja aliisifu keki ya Tumpe. Anyelwisye, kwa kutaka kuwachekesha watu, akasema ya dada yake ni laini zaidi. Watu wakacheka. Tumpe naye akacheka, kicheko cha mdomoni tu. Wanaume mliooa mnakijua kicheko hicho, na bado mnakitafuta.

Mvua ikanyesha. Asubuhi miguu ya gari ilikuwa na matope mpaka magotini. Tumpe alikaa ndani akisugua sufuria iliyokuwa safi tangu jana yake. Anyelwisye aliona kitambaa cha mkewe bado kimetundikwa, naye chake hakukigusa. Alisema moyoni: akinuna, na mimi nanuna. Akabonyeza kitufe. Miguu ikajikunja na matope yake, na hakuna aliyesema tayari. Kwa nje gari lilipendeza sana, maana lilikuwa limeoshwa na mvua.

Walikuwa wanakwenda Chimala. Huko binti wa Mama Sekela alikuwa anaolewa kesho yake, na Mama Sekela ndiye aliyemfundisha Tumpe kuoka. Alikuwa ameomba keki ya mikono ya mwanafunzi wake, si ya mtu mwingine. Tumpe alikuwa ameisubiri siku hiyo miaka mingi.

Walipofika, miguu ikashuka, nyumba ikakaa sawa, maji yakalingana. Hakukuwa na dalili yoyote, na mara nyingi huwa hivyo. Tumpe akaingiza keki jikoni. Ilipokuwa katikati ya kuumuka, maji ya bakuli yakaanza kumwagika upande mmoja, kidogo kidogo. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa unazama. Alipofungua jiko, keki ilikuwa imeegemea upande kama mtu aliyesinzia kanisani. Vitu vilivyobaki vilitosha keki moja tu.

Alishuka nje. Alimkuta mumewe amelala chali chini ya gari, mafuta yanamdondokea shingoni, anajaribu kuyaziba kwa kiganja. Angeweza kumlaumu, maana yeye ndiye aliyebonyeza. Badala yake alichuchumaa, akasema, "Mume wangu, matope niliyaona. Niliyaacha makusudi yakukomeshe wewe, nikasahau kwamba nyumba ni moja."

Anyelwisye alitambaa akatoka, akaingia ndani, akarudi na vile vitambaa viwili, akampa chake. Walipangusa miguu yote. Kisha wakanyanyua upande ule kwa jeki ya tairi, wakapanga vipande vya mbao chini yake mpaka maji yakatulia bakulini. Tumpe akakoroga keki ya mwisho, na mumewe akakaa mbele ya jiko muda wote, macho yake kwenye bakuli.

Kesho yake Mama Sekela alionja keki ya bintiye, akafumba macho, akaomba kipande kingine. Baadaye, huko Uyole, fundi alibadilisha mpira uliochanika. Mkwaruzo kwenye chuma ulibaki. Hata leo ukipitisha kidole utausikia. Mguu unafanya kazi, nao hawausahau.

Ile keki iliyoinama waliila wenyewe njiani, kwa chai. Anyelwisye alichagua upande ulioungua, akatafuna, akaapa kwamba hajapata kula keki laini kama ile maishani mwake. Tumpe akacheka, safari hii mpaka machozi yakamtoka.

Matope ya njiani hakuna asiyeyakanyaga. Lakini wewe uliyekuja kunisikiliza leo na mwenzako, mkakaa benchi moja bila kuzungumza: kabla hujakunja mguu, kitambaa chako kiko wapi?