Mazizi Saba ya Shigela

"Mazizi saba, lambo moja, zizi moja."

Nimeisema, mmecheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, wekeni simu chini. Wewe hasa, Doto, maana picha zako ndizo zilizonitoa neno hilo kinywani. Methali hii si ya wahenga wa kale. Ilizaliwa hapa hapa kwetu Usukuma, nami nilikuwa binti niliyekwisha kuposwa.

Walikuwapo ndugu wawili, Shigela na mdogo wake Ng'wandu. Baba yao alipokuwa akikata roho aliacha kundi moja la ng'ombe, akamkabidhi Shigela fimbo. "Mdogo wako akipata mchumba, mahari yake itoke humo," alisema. "Na ng'ombe usiwaweke zizi moja." Mchumba alipatikana. Alikuwa mimi Holo, huyu huyu mnayemcheka kwa mapengo yake. Washenga walikwisha kuja, baba yangu alikwisha kukubali, ikabaki ng'ombe kuletwa baada ya mavuno. Ng'wandu alikuwa mpole, na akitaka kucheka macho yake yalianza kabla ya mdomo. Nilimpenda. Msishangae, hata bibi zenu walipenda.

Desturi yetu mnaijua kidogo, niwakumbushe. Mwenye ng'ombe wengi huwagawa wakae kwa watu. Mwenye nyumba hunywa maziwa, hulimia maksai, na baada ya muda hupewa ndama wa shukrani. Mwenye mali naye hulala usingizi, kwa sababu wezi wakivamia zizi moja au ugonjwa ukiingia, mengine yapo. Shigela alilitii neno la baba yake. Aliwagawa ng'ombe kwenye mazizi saba, na kila mtu akamsifu.

Tatizo ni kwamba Shigela alipenda kusalimiwa. Alichagua nyumba ambazo angeweza kuzipitia zote asubuhi moja, hapa anapewa kibuyu cha maziwa, pale kata ya pombe, akirudi kwake tumbo limejaa na sifa zimejaa. Nyumba zote saba zilikuwa kandokando ya lambo moja, lile bwawa lililochimbwa bondeni kukinga maji ya mvua. Ng'ombe wote wa bonde walinywa hapo. Kwa kuwa halijawahi kukauka, hakuna aliyeliwazia.

Aliyeliwazia ni mkewe, Nyanzobe. Yeye alitoka kwa wakulima wa ng'ambo ya vilima, kando ya mto. Maneno yake nilisimuliwa na Ng'wandu, ambaye alikuwapo.

"Baba Sayi," alisema, "peleka wengine kwa kaka yangu wanywe maji mengine. Na hawa walionona, badilisha hata wachache kwa uwele, tuuweke ghalani."

"Nitoe ng'ombe nichukue uwele?"

"Mwaka wa mvua ng'ombe ana bei, nafaka haina. Mwaka wa ukame nafaka inapanda, ng'ombe anashuka. Ukiwa na vyote viwili, kimoja kikianguka kingine kitakushika mkono. Tena ukame ukiwa mkali, kwa uwele huo huo utanunua ng'ombe wa wenzako."

Shigela alicheka mpaka akakohoa. "Mama Sayi, mwanaume haendi kuposa na kibaba cha uwele. Mimi nina mazizi saba. Likifa moja, yamebaki sita."

Mwaka ule mvua zilikata mapema, majani yakakauka, ng'ombe wakaanza kuonyesha mbavu. Ndipo Shigela alipowaswaga wachache kwenda mnadani. Alikuta kila mtu anauza na hakuna anayenunua. Ng'ombe jike mzima alitakiwa kwa debe moja la uwele. Aliona haya, akarudi nao nyumbani.

Asubuhi moja akaja mtu kutoka zizi la kwanza. "Mzee, ng'ombe wako wamenasa kwenye tope la lambo."

"Basi, yamebaki sita," Shigela akajibu.

Kabla mtu huyo hajaketi, alifika wa zizi la pili, na nyuma yake wa tatu. Shigela akaacha kuhesabu. Alikwenda mbio bondeni, Ng'wandu akimfuata. Maji yalikuwa yamebaki kidimbwi katikati ya lambo, na ng'ombe wa mazizi yote walikuwa wamekifuata kwa kiu, wakazama kwenye tope hadi matumboni, bila nguvu ya kujitoa. Watu waliwavuta kwa kamba mpaka viganja vikachubuka. Hata waliotolewa hawakuinuka tena.

Ng'wandu alisimama ukingoni.

"Kaka, nionyeshe. Wa zizi la kwanza ni wapi, na wa zizi la saba ni wapi?"

Shigela aliinua fimbo aonyeshe, akaishusha.

"Nionyeshe tu, kaka."

"Mdogo wangu, nitawatengaje? Si wamelala pamoja?"

"Basi hatukuwa na saba," Ng'wandu akasema. "Mazizi saba, lambo moja, zizi moja."

Hakusema kwa ukali. Laiti angetukana, pengine Shigela angepata nafuu. Waliokuwa wakivuta kamba walisikia, wakaenda nalo neno hilo nyumbani kwao, na mpaka leo tunalo.

Baba yangu alisubiri msimu mmoja, akasubiri na wa pili. Katika msimu wa tatu wakaja washenga kutoka ng'ambo ya vilima. Yule kaka yake Nyanzobe alikuwa na ghala lililojaa uwele, na mwaka ule wa ukame alinunua ng'ombe hadi akapanua zizi. Ng'ombe hao hao ndio walioletwa kwetu, kwa ajili ya mwanawe. Huyo ndiye babu yenu. Alikuwa mume mwema na simsemi vibaya kaburini. Ng'wandu alihama, hakurudi, na sijui alizikwa wapi.

Shigela alizeeka akiendelea kuzipitia zile nyumba saba, ingawa hakuwa tena na ng'ombe huko. Siku moja alivuka vilima akafika kwangu. Nilimpa uji wa uwele, akaunywa taratibu. Alipoaga alisema, "Nisamehe, shemeji." Neno hilo la shemeji nilikuwa nimelingoja ujana wangu wote, na likanijia kutoka kwa mzee asiyekuwa na kitu. Niliingia ndani, nikalia.

Sasa wewe Doto umekuja kunionyesha picha. Hiki kibanda cha chipsi, hivi vyumba vya kupanga, hizi bodaboda. Unasema umetawanya mali yako, hata kikiyumba kimoja utaoa tu. Nami nimekuuliza wateja wako ni nani, na kila mara umenijibu: watu wa mgodini. Yule binti uliyemleta kunisalimu, kwao wanangoja. Mgodi ukifungwa, mjukuu wangu, utamwambia nini?

Mazizi saba, lambo moja, zizi moja.