Mama Fisi na Uvimbe wa Chini ya Taya

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitikia kinyonge. Lakini nami nasimulia kwa meno ya bandia, basi tuvumiliane.

Hapo zamani za kale, fisi walikuwa na desturi yao. Anayetangulia kula ni yule mwenye taya kali kuliko wote. Naye alikuwa Mama Fisi. Akiuma mfupa, kach! Anameza. Wengine wanangoja.

Siku moja jino lake la nyuma likaanza kuuma. Puku, puku, puku. Akanyamaza. Akisema, atanyang'anywa nafasi yake. Kisha chini ya taya pakavimba, kama tunda la mkuyu.

Akamwita mganga, Nungunungu.

"Nimeumwa na nyigu," akasema.

Nungunungu akabonyeza. "Nyigu huyu ana bidii. Bibi, hii ni tezi. Tezi ni mlinzi. Ikivimba, kuna adui inapigana naye. Hebu fungua kinywa tumtafute."

"Kinywa changu hakichunguliwi. Wewe paka dawa."

Akapaka. Uvimbe ukazidi. Akapaka tena. Ukazidi. Homa ikaja, shingo ikakakamaa, kumeza mate kukawa taabu. Maziwa yakakauka. Mwanawe akanyonya, akanyonya, asipate kitu.

"Mama, mbona hayatoki?"

Mama Fisi akamtazama mtoto. Kisha akaugeukia ukoo mzima, akafumbua kinywa.

"Tazameni."

Harufu ikawarudisha wote nyuma.

"Jino limeoza, limetunga usaha," akasema Nungunungu. "Ungekawia, koo lingeziba. Tumbili, wewe uliye mtini, shuka, una vidole."

"Ninavyo, na navipenda vyote."

"Sitakuuma, mwanangu," akasema Mama Fisi.

Tumbili akafumba macho, akaingiza mkono. Akavuta. Ng'o. Akavuta tena. Chomo! Jino likatoka, usaha ukafuata.

Homa ikashuka. Uvimbe haukuondoka papo hapo. Ulinywea pole pole, na maziwa yakarudi pole pole.

Ukoo ulipokutana tena penye windo, fisi mwingine akatangulia. Mama Fisi akangoja, kichwa chini, mwanawe ubavuni. Akala wa pili, kwa upande mmoja wa taya.

Lakini alikula.

Wanangu, nanyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: shingo ikivimba, msimfiche tabibu habari za jino. Si kila uvimbe huletwa na jino, ila tabibu hawezi kutibu asichoonyeshwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mwenye jino bovu awe wa kwanza kuinuka.