Redio ya Kobelo

Mguu hausafishi mkono. Mmezoea kumtupia maneno hayo kila anayenaswa, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza yalikotoka. Yalitoka hapa hapa, enzi shamba hili likiwa la mkonge, na mimi nilikuwepo. Nilikuwa golikipa.

Sisi wakataji tulikuwa na timu yetu, na watu wa kiwandani walikuwa na yao. Kabla ya kila mechi tulikula sinia moja nyumbani kwa nahodha wetu, Nangumbi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetumiminia maji ya kunawa, na mwenye jambo moyoni alilisema kabla maji hayajamgusa. Ukinawa kimya, umeapa.

Siku ya fainali Kobelo alinawa kimya. Mshambuliaji wetu huyo hakuwa na mfano, na sikuwahi kumpenda mchezaji kama nilivyompenda yeye. Siku hiyo alifunga mawili. Mimi, Mungu anisamehe, nilifungwa matatu. Dakika za mwisho tukapata penalti, akapiga yeye, mpira ukagonga mwamba. Tukalala tatu kwa mbili.

Tulirudi kwa Nangumbi vichwa chini. Hakuna aliyemlaumu Kobelo. Lawama zote zilikuwa zangu. Ugali ukaletwa, Nangumbi akashika birika. Ndipo akaingia Bi Sikudhani, mama yake Kobelo, amebeba kitu ndani ya khanga. Alisema amekuja kutupa pole na kutuletea muziki kidogo. Akafungua khanga. Redio, mpya kabisa.

"Ahsanteni wanangu," akasema. "Mwenzenu kaniambia mmemnunulia ninyi."

Jamani! Sisi hatukuwa hata na mpira wa pili, tungenunua redio kwa lipi? Na redio ya namna ile hapa shambani tuliijua moja tu, ya nyapara wa kiwandani.

Nangumbi alimuuliza Kobelo taratibu kama aliipokea kwa nyapara huyo. Kobelo akakubali. Alisema nyapara alimtaka asilione goli siku hiyo, naye akaichukua ili kumlia mjinga kitu chake, halafu akacheza kwa nguvu zote.

"Nimefunga mawili, nahodha. Muuza mechi hufunga?"

"Ulinawa mbele yetu ukanyamaza."

"Nitazame miguu yangu ilivyochubuka."

"Naiona," akasema Nangumbi. "Mguu hausafishi mkono, Kobelo."

Akamwaga maji yote ya birika chini. Hatukula. Bi Sikudhani alikunja khanga yake akaondoka, redio akaiacha pale pale uani, na hakuna aliyeigusa mpaka mvua ikaiharibu. Kobelo hakunawa nasi tena, wala hakucheza tena.

Watu wamebishana miaka yote hii. Wapo wanaosema ile penalti aliikosa makusudi, wengine wanasema mwamba ni mwamba. Mimi nilikuwa uwanjani, nikaiona sura yake mpira ulipogonga, na ningeapa alitaka kufunga. Mpaka leo bado inaniuma.

Lakini hayo ni ya mguu. Ya mkono tuliyaona sote, na mama yake aliyaona pamoja nasi. Mguu hausafishi mkono.